Hadithi ya Kiganda haiharibu Kiingereza cha mtoto

Likizo ndefu ya Desemba na Januari ikifika, wazazi wengi hapa Kampala huingiwa na hofu: mtoto akishinda na hadithi za Kiganda au Kiswahili, si Kiingereza kitamtoka kabla shule hazijafunguliwa?

Hakimtoki. Naelewa hofu inakotoka. Wengi wetu tulivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani. Lakini kusoma hakufanyi kazi hivyo. Kwamba herufi husimamia sauti, mtoto hulielewa mara moja tu, kisha hulibeba hadi lugha nyingine. Na hulielewa upesi zaidi katika lugha anayoisikia jikoni. Kiganda na Kiswahili huandikwa karibu kama vinavyotamkwa, ilhali Kiingereza kina maneno kama "though" na "tough", yenye mwisho mmoja wa herufi na matamshi mawili tofauti kabisa. Hata mtu mzima hujikwaa.

Ndiyo maana mtaala ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, la nne liwe daraja la kuvukia Kiingereza. (Shule nyingi za kulipia hazifuati, hilo tunalijua.)

Kitabu chenyewe kisikusumbue. African Storybook hutoa hadithi bure mtandaoni, zikiwemo za Kiganda na Kiswahili, na zinaweza kuchapishwa. Mwache achague, hata akirudia ileile ya sungura mara kumi. Na usimtungie maswali ya mtihani akimaliza.