Kauri ya China haikufukiwa miaka mia

Kwa muda mrefu watu wengi Ulaya waliamini kwamba Wachina walisaga maganda ya mayai na makombe ya baharini, wakayakanda, kisha wakayafukia ardhini miaka 80 au 100 ili wajukuu wapate vyombo vya kauri. Mreno Duarte Barbosa aliiandika habari hiyo mapema karne ya 16, nayo ikarudiwa na wengi.

Haikuwa hivyo, na Wachina wenyewe waliichora kazi yao. Mwaka 1743 mfalme Qianlong alimwagiza Tang Ying, msimamizi wa karakana za kifalme za mji wa Jingdezhen, aandike maelezo ya picha 20 za utengenezaji huo. Zinaanzia kwenye mawe, wala si kwenye makombe. Mawe yalipondwa kwa nyundo zilizoendeshwa na maji ya kijito, unga ukaoshwa na kuchujwa, ukafanywa matofali, kisha ukachanganywa na kaolini, yaani udongo mweupe laini. Mng'aro wa juu ulihitaji chokaa na majivu ya kangaga. Kilichougeuza udongo kuwa kauri ni moto wa tanuri, nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, si kukaa ardhini.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kazi ilivyogawanywa. Tang Ying anaeleza kwamba waliochora mistari hawakujifunza kutia rangi, na waliotia rangi hawakujifunza kuchora. Padri Mfaransa d'Entrecolles, aliyeishi huko, aliandika mwaka 1712 kwamba inasemekana chombo kimoja hupitia mikono ya mafundi 70.