Moyo ni pampu: maana yake hasa

Mkulima wa nyanya wa Ilula anayetumia pampu ya kukanyaga anajua vitu vitatu vya lazima: silinda, pistoni, na valvu zinazoruhusu maji kupita upande mmoja tu. Moyo nao ni pampu mbili zilizoshikana, ila haufanyi kazi kwa kupokezana kama zile pistoni. Pande zote mbili hubana kwa pamoja. Wa kulia hupeleka damu mapafuni, wa kushoto huipeleka mwilini kote, na damu ni ile ile: ikitoka huku lazima ipite kule. Kushoto kukilegea, damu hurundikana mapafuni, ndiyo maana mgonjwa hukosa pumzi akilala chali.

Kwa mtu mzima aliyetulia, chemba ya chini ya kushoto hujaa kama mililita 120 na kusukuma nje kama 70. Mapigo 70 kwa dakika yanatoa karibu lita 5, yaani ndoo ya lita 20 kila dakika nne. Kwa siku ni zaidi ya lita 7,000. Ajabu ni kwamba kazi yote hiyo ni kama wati 1 tu.

Sasa presha. Wengi hudhani presha ndiyo nguvu ya moyo. Hapana: presha ni matokeo ya damu inayosukumwa kukutana na ukinzani wa mishipa. Bana mpira wa maji katikati uone unavyotuna upande wa koki, koki hujaigusa. Na ukinzani hauongezeki polepole. Mshipa mdogo ukipungua upana hadi nusu, ukinzani wake hupanda mara 16 (2×2×2×2). Kwa hiyo presha inaweza kupanda wakati moyo wenyewe ni mzima kabisa. Tatizo huja baadaye: msuli wa kushoto, ambao kwa kawaida una unene wa kama sentimita 1, huzidi kunenepa na kukakamaa. Msuli wa kulia una milimita 3 au 4 tu, kwa sababu presha ya kwenda mapafuni haizidi sana milimita 25 za zebaki, kipimo cha presha.

Presha ya kawaida ya mwilini husomwa 120/80. Hiyo 120 nayo ni milimita za zebaki. Zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, basi ni sawa na maji yaliyosimama kwenye bomba hadi mita 1.6. Waliozoea maji ya mserereko wataona kwamba tanki la kimo hicho si refu hata kidogo. Namba ya chini, 80, ni kazi ya mshipa mkuu, aota: hutanuka moyo unapobana, kisha hujirudi na kuendelea kusukuma damu wakati moyo unajaa upya. Uzeeni aota hukakamaa, namba ya juu ikapaa huku ya chini ikibaki au kushuka.

Valvu za moyo zinaharibikaje? Mara nyingi kwetu huanzia kwenye koo la bakteria lililotokea utotoni bila kutibiwa. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia valvu. Ikivuja, sehemu ya damu hurudi nyuma, na chemba hutanuka ili kufidia. Ni kama pampu yenye valvu iliyochakaa: unakanyaga weee, maji shambani kiduchu.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa inakandamiza kwa milimita 620 hivi badala ya 760 za pwani. Je, mashine ya presha inadanganya huku? La, kwani inapima kile tu kinachozidi hewa, nayo hewa inakandamiza mwili na mkanda sawasawa. Kinachodanganya ni mkono unaoning'inia: mkanda ukiwa sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, kipimo huongezeka kwa karibu 8. Uweke mkono juu ya meza, mkanda usawa wa kifua.