Kiti cha Wakristo Kurdistan ya Iraki: kiti kinalindwa, kura hailindwi

Mtanzania akisikia "viti maalumu" huwaza wanawake wanaoingia bungeni kwa uwiano wa kura za vyama vyao. Viti vya Wakristo katika Bunge la Kurdistan ya Iraki ni tofauti. Vinagombewa, orodha za wagombea zinashindana, na mpiga kura ndiye anayeamua. Ugomvi wote uko hapo: huyo mpiga kura ni nani?

Sheria inambana mgombea tu. Lazima atoke katika jamii husika za Kikristo, yaani Wakaldayo, Waashuri au Wasuriani. Mpiga kura habanwi. Mkurdi Mwislamu wa Erbil, makao makuu ya Kurdistan, akitaka kumpa orodha ya Kikristo kura yake moja, ruksa. Kwa chama kikubwa hesabu ni nyepesi, kwani kiti cha namna hii hupatikana kwa kura chache kuliko kiti cha kawaida. Kinachohitajika ni kuelekeza sehemu ndogo ya wafuasi kwa orodha rafiki. Ndiyo maana vyama vya Kiashuri huikodolea macho kura ya mapema ya askari na Peshmerga (wapiganaji wa Kikurdi), ambayo mwaka 2024 ilipigwa tarehe 18 Oktoba, siku mbili kabla ya raia.

Mfano mkubwa zaidi ulionekana katika bunge la Baghdad. Mwaka 2021 viti vitano vya Wakristo viligombewa nchi nzima kama jimbo moja, na Vuguvugu la Babiloni, chama cha Kikristo cha Rayan al-Kildani, likachukua vinne. Wapinzani wake, Patriaki Louis Sako wa Kanisa la Wakaldayo akiwamo, walisema kura hizo hazikutoka kwa Wakristo.

Lakini nadhani watu hulisema sana hilo na kusahau jambo la pili, ambalo ni hesabu kavu: ukubwa wa jimbo, yaani idadi ya viti vinavyogombewa kwa pamoja. Mwaka 1992 bunge la Kurdistan lilikuwa na viti 105, vitano kati yake vya Wakristo. Zowaa, chama cha Kiashuri kilichoanzishwa 1979, kilipata vinne. Mwaka 2009 viti vya walio wachache vikawa 11: vitano vya Wakristo, vitano vya Waturkmeni, kimoja cha Waarmenia. Vile vitano vya Wakristo viligawanywa kati ya orodha mbili, 3 kwa 2, na mwaka 2013 kati ya orodha tatu, 2, 2 na 1.

Chukua mfano wa kubuni wa jimbo moja: orodha nne zenye asilimia 40, 25, 20 na 15. Ukigawa viti vitano kwa Sainte-Laguë, njia ya kugawa viti kwa uwiano (kura za kila orodha zigawe kwa 1, 3, 5..., namba kubwa zaidi zipate viti), matokeo ni 2, 1, 1, 1. Hata mdogo ameingia. Sasa vunja jimbo hilo, kila mkoa upewe kiti kimoja, na kura zisambae vilevile. Mwenye 40 anazoa vyote. Asilimia 60 hawana mtu.

Hicho ndicho kilichotokea. Februari 2024 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Iraki ilifuta viti vyote 11. Mei vikarudishwa vitano, ndani ya 100: viwili Erbil, viwili Sulaymaniyah, kimoja Duhok. Waturkmeni wakiwa na sehemu yao, Mkristo anabaki akigombea kiti kimoja tu kila mkoa. Sulaymaniyah yenyewe ina Wakristo wachache, ilhali Duhok, yenye vijiji vya Kiashuri vya Bonde la Nahla, ilipewa kimoja tu.

Katika hali hiyo chama kidogo kina njia moja ya maana, nayo ni orodha ya pamoja. Huvunjika kwa swali lilelile kila mara: nani awe wa kwanza? Na kila familia inayohamia Södertälje, Uswidi, au Chicago huipunguzia Ankawa, mtaa wa Wakristo wa Erbil, kura.

Dai la siku zote ni daftari la pekee la wapiga kura Wakristo. Lina ugumu wake. Mtu lazima aandikishwe kwa dini au kabila lake, na kijiji chenye wapiga kura hamsini kikihesabiwa peke yake, siri ya kura haipo. Dawa ni kuchanganya kura za vituo kadhaa kabla ya kuhesabu, jambo ambalo mawakala hawalipendi, maana wanapoteza fomu ya matokeo ya kituo, silaha yao ya kwanza wakienda kulalamika.