Si majivu, wala si mbolea: maneno ya vijiweni kuhusu bayocha

Kuanzia Mufindi hadi Mbozi, huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, wakulima wengi wamewahi kuona mahindi yaliyoota palipokuwa na tanuri la mkaa: yamerefuka na kukolea kijani kuliko wenzake. Kwa hiyo bayocha, yaani mkaa wa kuchanganya na udongo, si jambo geni sana huku. Tatizo ni yanayosemwa juu yake.

Wapo wanaosema ni majivu tu. Ukichoma mabua shambani, hewa inaingia tele, yanabaki majivu, na mvua za kwanza zinayasomba. Bayocha huunguzwa kwa hewa kidogo, nyuzi joto 350 hadi 700 hivi za Selsiasi, na ule weusi ni kaboni inayoweza kukaa ardhini mamia ya miaka. Udongo mweusi waliouacha wenyeji wa Amazon, Brazili, kabla Wazungu hawajafika, bado unalimwa.

Linaloumiza watu zaidi ni hili: "Ni mbolea, mwaga kisha panda." Mjomba wangu wa Mbozi aliliamini. Alitwanga magunia mawili ya mkaa wa magunzi, akautia mkavu mashimoni, akapanda. Wiki ya tatu mahindi yalikuwa ya njano, jirani akadhani ni ugonjwa. Kumbe mkaa una vitundu kama sifongo. Ukiingia mtupu unashika naitrojeni ambayo mmea ungeila. Msimu uliofuata aliuchanganya na samadi, debe kwa debe, akaumwagia mkojo wa ng'ombe na kuufunika wiki tatu ukiwa na unyevu. Kila shimo likapata konzi mbili, na mbolea ya dukani akaweka kama kawaida. Njano haikurudi.

Eti lazima ukate miti? Mbozi kuna maganda ya kahawa, Mbarali pumba za mpunga, na magunzi yako kila kaya. Chimba shimo lenye umbo la faneli, washa moto, ongeza tabaka jipya kila la juu linapoanza kupata majivu meupe, kisha zima kwa maji mengi. Ukienda kunywa chai kwanza, utakuta majivu.

Na si kila zao linauhitaji. Bayocha hupunguza tindikali, nafuu kwa mahindi na maharage kwenye udongo wetu mchachu. Lakini chai ya Rungwe inautaka uchachu huohuo, pH (kipimo cha uchachu) 4.5 hadi 5.5. Huko usirundike mkaa.