Je, Wajua Spika Janja Inavyosikia Jina Lake Katikati ya Kelele za Nyumba?

TV iko juu, watoto wanagombania rimoti, jikoni kuna kitu kinakaangwa. Mtu aliyejinyoosha kwenye kochi anasema "Alexa" bila hata kupaza sauti, na spika janja, ile inayopokea amri kwa sauti, iliyoko juu ya kabati upande wa pili wa chumba inawasha mwanga wa buluu. Mtu mzima aliyesimama hapo kabatini pengine asingemsikia. Swali la kwanza linalomjia kila mtu ni: imesikiaje? La pili ndilo zito zaidi: ikiwa imesikia jina lake, basi si ilikuwa ikisikiliza tangu asubuhi?

Ilikuwa ikisikiliza, ndiyo. Ila usikilizaji wake uko wa aina mbili, na asiyezitenganisha hatajua alinganishe nini anapochagua kati ya spika za Amazon, Google na Apple.

Aina ya kwanza inafanyika ndani ya spika yenyewe. Mle ndani mna programu ndogo yenye kazi moja tu, kuvizia neno la kuamsha. Sauti za chumbani zinaingia, zinakaa sekunde chache kwenye kumbukumbu ya muda, zinapimwa kama zinafanana na "Alexa" kwa spika za Amazon, "Hey Google" kwa za Google au "Siri" kwa za Apple. Zisipofanana zinafutwa, nyingine zinashika nafasi. Mpaka hapo hakuna kilichotoka nje ya nyumba. Neno likipatikana ndipo aina ya pili inapoanza: mara nyingi unachosema kinasafirishwa kwa intaneti hadi kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni, kinageuzwa kuwa maandishi, maana yake inatafutwa, na jibu linarudi likiwa sauti. Ndiyo maana Wi-Fi ikikatika, hata spika ya bei kubwa mara nyingi inabaki kukuambia tu kwamba haipati mtandao.

Sasa turudi kwenye zile kelele. Echo ya kwanza, ambayo Amazon iliitoa mwaka 2014, ilikuwa na maiki 7 kichwani, 6 zimezunguka ukingoni na moja katikati. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde hewani. Maiki mbili zikiwa zimeachana sentimita 7, sauti inayotoka upande mmoja inaifikia ya pili ikiwa imechelewa kama sehemu moja ya elfu tano ya sekunde. Ucheleweshaji huo ni mdogo mno, lakini kompyuta inaupima bila shida. Ikishajua kila maiki imechelewa kiasi gani, inajua msemaji yuko upande gani, kisha inazipanga zile sauti saba ili ya upande huo izidi nguvu na za pande nyingine zififie. Google Home ilipotoka mwaka 2016 ilikuwa na maiki 2 tu. Google waliweka tegemeo lao kwenye programu iliyofunzwa kutambua usemi ndani ya kelele, na spika ikafanya kazi vizuri tu. Kwa hiyo ukiona muuzaji anakuhesabia maiki kama sifa kuu, usishtuke sana.

Kuna kelele moja iliyo ngumu kuliko zote: ya spika yenyewe. Unapopiga muziki, ule muziki unatoka sentimita chache tu kutoka kwenye maiki, ilhali wewe uko mita nne kule. Kinachoiokoa ni kwamba spika inaujua vilivyo wimbo inaoupiga, kwa sababu ni yenyewe inayoutoa. Inakadiria jinsi wimbo huo unavyogonga kuta na kurudi, inautoa kwenye kila kilichonaswa na maiki, na kinachosalia ni wewe. Kwangu mimi hiki ndicho kipande cha uhandisi kizuri kuliko vyote vilivyomo ndani ya chombo hiki, na bahati mbaya ndicho kisichotajwa kwenye boksi.

Lakini kuvizia neno moja kuna makosa yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walizichezea spika hizi vipindi vya televisheni na wakapata zaidi ya maneno na vifungu 1,000 vilivyoziamsha bila kuitwa. Alexa iliamka kwa "election", Siri kwa "a city", Google kwa "OK, cool". Na wapo walioziamsha makusudi. Aprili 2017 Burger King walirusha tangazo fupi nchini Marekani ambalo mwishoni mtu anaiuliza Google Whopper ni nini, na spika za majumbani zikaanza kusoma maelezo ya Wikipedia kuhusu baga hiyo. Google waliizima sauti ile isiamshe spika zao siku hiyo hiyo.

Spika ikiamka kwa makosa, sekunde hizo za mazungumzo yako zinakwenda kwenye seva kama amri nyingine yoyote. Na hapa ndipo tofauti ya kweli kati ya kampuni hizi ilipo. Mwaka 2019 vyombo vya habari vilifichua kwamba Amazon, Google na Apple zote zilikuwa na watu wanaosikiliza baadhi ya rekodi ili kuboresha huduma. Baada ya hapo Apple waliacha kuhifadhi rekodi za Siri isipokuwa kwa anayekubali mwenyewe, na Google nao wakaweka uhifadhi kuwa jambo la kuridhia. Amazon wao huhifadhi mpaka uende kwenye mipangilio na kuwakataza. Mei 2023 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba Amazon italipa dola milioni 25 kwa kushikilia rekodi za sauti za watoto. Machi 2025 kampuni hiyo iliondoa hata chaguo lililowaruhusu wenye baadhi ya Echo kutotuma rekodi zao kabisa.

Tazama pia namna ya kuifunga maiki. Echo ina kitufe juu; ukikibonyeza mwanga unageuka mwekundu. Nest Mini ya Google ina swichi pembeni, unaisogeza kwa kidole na taa za rangi ya chungwa zinawaka. HomePod, spika ya Apple, haina swichi ya maiki: unaiambia Siri iache kusikiliza, au unaingia kwenye simu. Apple wanajitahidi kwenye faragha, lakini hapa naona wamekosea. Mgeni akiingia sebuleni anapaswa kuona kwa macho kama maiki imefungwa. Kwa chumba cha watoto ningechukua yenye swichi, na ningeifunga wakati wa kulala.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili, hakuna kati ya spika hizi tatu inayopokea amri kwa lugha yetu. Kwenye simu Google walianza kupokea Kiswahili cha kutamka mwaka 2017, lakini spika zao hazikufuata. Bibi aliyehamia kwa wanawe Minneapolis, Marekani, anamwona mjukuu akizima taa kwa Kiingereza, na yeye inambidi anyanyuke. Ili mashine ielewe lugha, lazima ifunzwe kwa saa nyingi za sauti za watu tofauti, wazee kwa vijana, wa Pemba na wa Lubumbashi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, unakusanya sauti hizo kwa Kiswahili na kuzitoa bure kwa yeyote anayetaka kujenga kitu. Unafungua ukurasa, unasoma sentensi fupi kwenye maiki ya simu yako, na wengine wanasikiliza kuhakiki kama umesoma sawasawa. Watu wawili wakikubali, sentensi yako imeingia.