Kwa nini watu wa Rongelap waligoma kupimwa na madaktari mwaka 1972?

Machi 1972 madaktari wa maabara ya Brookhaven ya Marekani walikwama. Watu wa Rongelap, katika Visiwa vya Marshall, walikataa kupimwa, ingawa kwa miaka 18 walishazoea kutolewa damu na mkojo na kushikwashikwa shingo. Mgonjwa amkatae daktari wake?

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni lililoitwa Bravo, lenye nguvu ya megatani 15 (sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT), kule Bikini, katika visiwa hivyohivyo vya Marshall. Vumbi la matumbawe lenye mionzi likawaangukia watu 64 waliokuwa Rongelap na 18 waliokuwa kisiwa jirani cha Ailinginae, na ilipita siku mbili ndipo wakahamishwa. Mara moja ukaanzishwa Mradi 4.1 wa kuchunguza mionzi inavyomdhuru binadamu.

Mwaka 1957 walirudishwa kwao pamoja na ndugu ambao siku ya bomu hawakuwepo. Ndugu hao wakafanywa kundi la kulinganishia, na hapa ndipo uchunguzi ulipoharibika. Kundi la namna hiyo linafaa tu likiwa halijaguswa na kinachochunguzwa, na hawa walikula nazi zilezile. Mnazi hufyonza siziamu 137, mojawapo ya sumu zenye mionzi zilizotokana na bomu, ukidhani ni potasiamu, ambayo ni haba kwenye udongo wa matumbawe. Strontiamu 90, nayo yenye mionzi, hufanana na kalsiamu, kwa hiyo hujikusanya kwenye gamba la kaa wa minazi, naye akishajivua hulila gamba lake kuukuu, kwa hiyo sumu haimtoki. Wenyeji wakakatazwa kumla. Kikaletwa kwa meli chumba cha chuma cha tani 21 cha kupimia mionzi mwilini, na siziamu ikaonekana imepanda kwa waliokuwepo 1954 na wasiokuwepo. Hata hivyo, kwenye madaftari hao wa pili waliendelea kuitwa wasioathirika.

Jina hilo liliwanyima haki. Sheria ya Marekani ya 1964 ilitenga dola 950,000 kwa watu wa Rongelap waliopatwa na vumbi la 1954 tu. Kisiwa cha Utirik, kilichopata kiasi kidogo zaidi cha mionzi, hakikupewa kitu, na miaka ya 1970 vinundu vya tezi ya shingo vikajitokeza huko pia. Rongelap vilianza 1963, hasa kwa waliokuwa watoto: iodini ya mionzi hukimbilia tezi hiyo, na kwa kuwa ya mtoto ni ndogo, kiasi kilekile huiunguza zaidi.

Desemba 1971 Ataji Balos, mjumbe wa Bunge la Mikronesia, eneo lililosimamiwa na Marekani, Visiwa vya Marshall vikiwemo, aliwaleta madaktari wa Kijapani. Utawala wa Marekani ukawazuia kufika Rongelap. Ndipo mgomo ukaja, na dai lake lilikuwa la haki kabisa: Brookhaven ililipwa na Tume ya Nishati ya Atomiki, ileile ya mabomu, kwa hiyo wawepo na madaktari wengine. Mwaka huohuo wataalamu kutoka Japani na Uingereza walishirikishwa.

Mzozo haukuishia hapo. Mwaka 1985 wenyeji waliomba kuhamishwa. Marekani ikakataa, ikishikilia kuwa kisiwa ni salama. Zaidi ya watu 300 wakabomoa nyumba zao, wakapakia mbao kwenye meli ya Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, na kuhamia kisiwa cha Mejato.