Jani Kuishinda Chumvi Hakulifanyi Kuwa Dawa

Ujumbe umenifikia tena kwenye WhatsApp: majani yanayoota kwenye magadi kando ya ziwa la chumvi Katwe, Uganda, yameishinda chumvi, kwa hiyo yatashinda kisukari, saratani na presha. Chemsha, kunywa. Jamani!

Mwanzo wake ni kweli, niupite haraka. Mmea wa kinamasi cha chumvi huishi kwa dhiki. Hutengeneza kemikali ziitwazo prolini na betaini ili seli zisikaukiwe maji, na nyingine, fenoli na flavonoidi, za kutuliza molekuli kali za oksijeni. Ndiyo maana Salicornia na Suaeda, mimea ya chumvi ya pwani, huchunguzwa sana. Ila kemikali hizo ni za kulilinda jani, si kongosho lako.

Kinachonichosha ni visahani vya agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria maabara. Mtu anachemsha majani, anakausha mchuzi, anauweka kwenye bakteria E. coli, anaona duara safi walipokufa, anatangaza dawa. Chumvi umeitoa? Mchuzi wa jani la chumvi una chumvi, na ukiukausha unaikoleza! Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, huota hata kwenye agari yenye chumvi asilimia 7.5, na maabara hutumia tabia hiyo kumtambua, E. coli hawezi. Basi ukiniambia E. coli kafa na Staphylococcus mzima, flavonoidi sizifikirii kwanza. Weka kisahani kingine chenye chumvi tupu, kiwango kilekile. Ni kazi ya dakika chache, na bado ripoti ninazoletewa hazina.

Halafu kipimo. Ripoti hizo hutaja miligramu 50 kwa mililita, yaani mikrogramu 50,000. Dondoo ghafi, yaani mchuzi wa jani usiotenganishwa, huanza kutuchangamsha likiua chini ya mikrogramu 100. Kwa wingi ule hata chai ya Fort Portal itakuulia bakteria.

Lakini nasi watafiti tuna aibu yetu. Mara nyingi tukilitenganisha dondoo kemikali moja moja, nguvu hupotea. Huenda zilikuwa zikisaidiana, huenda tumeziunguza wenyewe. Tu Youyou wa China alifanikiwa na artemisinini, dawa ya malaria itokanayo na mmea, alipoacha moto mkali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, kwa hiyo "hatukuona kitu" yetu nayo siiamini sana. Na jani la kiangazi si jani la masika, hata likitoka shina lilelile.

Wewe mwenye presha, ule ukali unaousikia ulimini kila asubuhi ni sodiamu. Daktari alikukataza chumvi kwenye mboga. Kwenye kikombe hakukuruhusu.